Fungu la Paka Litengwe Kabla ya Chumvi na Kitunguu

Yako mambo ambayo, kwa sababu twayaona kila siku, hatupati hata siku moja kuyafikiria. Mojawapo ni chakula cha paka. Katika nyumba nyingi za miji na vijiji vyetu, na kadhalika katika maduka, maghala ya nafaka, mashine za kukoboa na masoko ya samaki, paka ni mkazi anayejulikana na wote. Ana kazi yake, na matunda ya kazi hiyo hufaidiwa na kila mtu alaye unga usiotobolewa magunia na panya. Lakini ujira wake haukupangwa na yeyote. Hupewa kilichobaki: ngozi ya kuku wa kukaanga, mchuzi ulioganda chini ya sufuria, kichwa cha ng'onda, chipsi zilizopoa, mfupa uliokwisha kutafunwa. Naye mwenye nyumba huondoka ameridhika, akiamini kuwa ametenda wema.

Swali tunalotaka kulijibu leo ni hili: Je, vyakula vyetu vyenye mafuta mengi na chumvi nyingi vinamfaa paka? Wako wasemao kwamba paka hula chochote, na kwa kuwa hawajamwona akianguka papo hapo, basi hakuna dhara. Wako pia wasemao kwamba chembe moja ya chumvi ni sumu kwake. Pande zote mbili zimekosea. Kweli yenyewe imo katikati, na inafaa ielezwe kwa utaratibu, kwa maana wema usiopimwa huweza kuleta madhara makubwa kuliko ukali.

MNYAMA WA NYAMA

Kwanza hatuna budi kumjua paka ni nani. Huyu tuliye naye majumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, ambaye hata leo angali akiishi katika nyika za bara letu na za nchi za Mashariki ya Kati. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulithibitisha nasaba hiyo. Mwaka 2004 wachimbuzi wa mambo ya kale walitangaza habari ya kaburi katika kisiwa cha Kupro, lenye umri upatao miaka 9,500, ambamo mtu alizikwa na paka kando yake. Wataalamu wengi waeleza kwamba nafaka iliyowekwa ghalani iliwavuta panya, na panya wakamvuta paka. Basi urafiki wetu naye ulianzia ghalani. Tangu mwanzo alikuja kama mfanya kazi, hakuja kama ombaomba.

Katika miaka hiyo yote mwili wake haukubadilika ukawa kama wetu. Binadamu aweza kuishi kwa nafaka, mboga, maharage na nyama kidogo. Paka hawezi. Yeye ni mla nyama kwa maumbile yake, na viko vitu ambavyo mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha, ila huvipata katika nyama na samaki tu. Kimojawapo ni taurini. Mwaka 1975 wataalamu walionyesha kwamba paka aliyekosa taurini huharibika macho mpaka akapofuka. Mwaka 1987 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walionyesha kwamba upungufu huo huo huudhoofisha moyo wake hata ukashindwa kusukuma damu. Panya mmoja mnono anayo taurini ya kutosha, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Kwa hiyo paka alapo windo lake hupata chakula na kinywaji kwa pamoja. Sahani ya wali wenye mchuzi haina sifa hizo.

Jambo jingine la ajabu ni kwamba paka haonji utamu wa sukari. Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba mojawapo ya vinasaba vinavyounda kionjo cha utamu katika ulimi wake imeharibika na haifanyi kazi. Basi anapoililia sahani yetu, kinachomvuta ni harufu ya nyama na mafuta. Nasi tusidhani kwamba kwa kuwa anakililia, kinamfaa. Hata mtoto mdogo hulilia kisu.

HESABU YA KIPIMO

Kosa letu kubwa ni kupima kwa mkono wetu wenyewe. Mtu mzima wa kilo 60 ni sawa na paka 15 wa kilo 4 kila mmoja. Kitu kionekanacho kidogo katika kiganja chetu ni kikubwa tumboni mwake.

Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, ambalo viwango vyake vya lishe ya mbwa na paka vilichapishwa mwaka 2006, lakadiria kwamba paka mzima wa kilo 4 huhitaji yapata kalori 250 kwa siku. Sasa tutazame kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia: kina kalori zipatazo 120. Ni kusema kwamba kijiko hicho kimoja, ambacho katika sahani ya mtu hakionekani, kwa paka ni karibu nusu ya chakula cha siku nzima. Ngozi ya kuku iliyoloa mafuta na chipsi chache juu yake humjaza kalori zote, ilhali zile protini na taurini alizozihitaji hakuzipata za kutosha.

Na kuhusu chumvi, kiasi cha sodiamu kinachompasa kwa siku ni miligramu 42 tu. Hiyo ni sodiamu iliyomo katika chumvi ya mezani ya kadiri ya sehemu moja ya kumi ya gramu. Kijiko kimoja cha chai kilichojaa chumvi kingemtosha kwa zaidi ya siku 50. Tena kiasi hicho kidogo amekwisha kukipata ndani ya nyama na samaki kabla hatujamwongezea punje yoyote. Kwa hiyo paka hana haja hata kidogo ya chumvi ya jikoni.

MAFUTA

Yafaa ieleweke kwamba mafuta yenyewe si sumu kwa paka. Mwili wake umezoea kutumia mafuta ya mawindo, na kipande kidogo cha mafuta ya nyama alichokiokota chini ya meza hakitamwua. Dhara la mafuta huja kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni tumbo. Paka asiyezoea, akila ghafula mafuta mengi ya kukaangia, aghalabu hutapika na kuharisha, na mnyama mdogo apoteza maji upesi. Njia ya pili ni unene. Paka anayelishwa mafuta kila siku hunenepa kupita kiasi, na unene humletea kisukari na maumivu ya viungo. Tena unene wake una hatari nyingine isiyojulikana na wengi: paka mnene akigoma kula kwa siku chache tu, mafuta ya mwilini mwake hukimbilia katika ini, yakalijaza, na ini likashindwa kufanya kazi. Watu husema, "Mwache afunge kidogo apungue." Kumbe kufunga huko kwaweza kumwua. Kupungua kwake ni kwa kupunguziwa kipimo pole pole. Kunyimwa chakula ghafula hakufai kamwe.

Njia ya tatu ni mafuta yaliyoharibika. Mafuta ya kukaangia yaliyochemka mara nyingi, au mafuta ya samaki yaliyochacha, hula akiba ya vitamini E mwilini. Hapo ndipo tunapofika katika jambo linalowahusu hasa watu wa pwani na wa kando ya maziwa.

SAMAKI SI DAWA YA KILA KITU

Kutoka Lamu hadi Unguja, na katika gati na masoko yote ya samaki, imekuwa desturi kwamba chakula cha paka ni samaki, basi. Matumbo na vichwa vya jodari hutupwa, naye huvigombania. Samaki ni chakula chema kwake, lakini kisiwe chakula cha pekee. Mwaka 1954 yalichapishwa majaribio yaliyoonyesha kwamba watoto wa paka waliolishwa chakula cha kopo cha samaki walipatwa na ugonjwa wa kuvimba mafuta ya chini ya ngozi, ambao waitwa ugonjwa wa mafuta ya manjano, na kwamba vitamini E iliwakinga nao. Paka mwenye ugonjwa huo hupata homa, hukataa kula, na hulia kwa uchungu akiguswa mgongoni au tumboni. Wengi hudhani kwamba amepigwa.

Tena wako samaki ambao wakiliwa wabichi huharibu vitamini B1 katika chakula. Paka alishwaye hivyo kwa muda mrefu huanza kuyumba, kichwa chake huinama kifuani, na mwisho hupata kifafa. Kuchemsha samaki huliondoa jambo hilo.

CHUMVI

Sasa tuje kwenye chumvi. Tuseme kweli: figo za paka zina nguvu ya ajabu. Yeye ni mjukuu wa wanyama wa nchi kavu, na aweza kutoa mkojo mzito mno ili asipoteze maji. Mwaka 1959 yalichapishwa majaribio yaliyoonyesha kwamba paka aliyepungukiwa maji aliweza kujirudishia maji hayo hata kwa kunywa maji ya bahari, jambo ambalo binadamu hawezi kulifanya. Basi paka mwenye afya, mwenye maji safi ya kunywa, akila kipande kidogo cha samaki chenye chumvi, atakunywa maji, atakojoa, na mambo yatakwisha.

Lakini hebu tuangalie hali ilivyo majumbani mwetu. Paka wetu wengi hawawekewi maji. Twasema kwamba atajitafutia, naye hujitafutia katika mfereji na dimbwi la uani. Paka wa namna hiyo akipewa kichwa cha ng'onda kilicholala katika chumvi, au dagaa wa baharini waliochemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kukaushwa, hana cha kukipunguzia ukali. Chumvi nyingi isiyo na maji huvuta maji kutoka katika viungo vya mwili, hata katika ubongo. Dalili zake ni kutapika, kuharisha, kiu kubwa, kuyumba, kutetemeka, na mwishowe degedege.

Isitoshe, figo hizo hodari ndizo zinazochoka mapema. Ugonjwa wa figo ni miongoni mwa magonjwa yanayowapata mno paka wazee. Paka mzee anayekunywa maji mengi, anayekojoa mara kwa mara na kukonda, huenda figo zake zimekwisha kudhoofika, na kumpa chumvi ni kuongeza mzigo juu ya punda aliyelala chini.

KITUNGUU NDICHO ADUI

Hata hivyo, ndugu msomaji, ukiuliza ni kitu gani kilicho hatari zaidi katika sahani yetu, jibu si mafuta wala chumvi. Ni kitunguu. Na hapa ndipo penye kiini cha makala haya, kwa sababu chakula chetu chenye mafuta na chumvi ni nadra kukosa kitunguu maji au kitunguu saumu. Mchuzi umeungwa kwa kitunguu. Pilau limekaangiwa kitunguu. Mishkaki imelazwa katika kitunguu saumu na tangawizi. Hata unga wa viungo wa pakiti aghalabu una kitunguu kilichosagwa.

Kitunguu kina vitu vinavyoshambulia chembe nyekundu za damu. Himoglobini ya binadamu ina sehemu mbili tu zinazoweza kushambuliwa kwa njia hiyo, ya mbwa ina nne, na ya paka ina nane. Kwa sababu hiyo kitu kile kile kinachotuburudisha sisi huzipasua chembe za damu yake. Kiasi cha gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya mwili chaweza kumdhuru. Kwa paka wa kilo 4 hiyo ni gramu 20, yaani kipande tu cha kitunguu cha kawaida. Kitunguu saumu ni kikali zaidi. Kupika hakuondoi sumu hiyo, wala kukausha. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo yaliyoonyesha kwamba hata chakula cha watoto wachanga kilichotiwa unga wa kitunguu kiliharibu chembe za damu za paka.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba halionekani mara moja. Paka hula mchuzi leo, akalala vizuri, na baada ya siku kadhaa huanza kuwa mnyonge, ufizi wake hugeuka mweupe au wa manjano, huhema upesi, na mkojo wake huwa mwekundu au wa rangi ya kahawia. Wenye nyumba husema kwamba amelogwa au ametegewa sumu na jirani. Ugomvi huzuka kati ya majirani wawili wasio na hatia, kumbe sumu ilitoka katika sufuria ya nyumba ile ile.

Na mifupa nayo tusiisahau. Mfupa wa kuku uliopikwa hukauka na kupasuka vipande vyenye ncha kali. Waweza kumkwama kooni au kumtoboa utumbo.

LA KUFANYA

Mfanyakazi atasema: "Haya yote ni kweli, lakini mimi mshahara wangu wanilisha mimi na watoto wangu kwa shida. Vyakula vya paka vya makopo na vya mifuko dukani ni ghali. Nifanyeje?" Hoja hiyo ni ya haki, nasi hatuwezi kuipuuza. Vyakula hivyo vilivyotengenezwa kwa kipimo kamili ndivyo bora kwa mwenye uwezo. Asiye na uwezo hana haja ya kununua kitu kipya; anachotakiwa kubadili ni wakati wa kumtengea paka fungu lake.

Desturi yetu ni kumpa mwisho, baada ya chakula kuungwa, kuliwa na kubaki. Desturi njema ni kumtengea mwanzo. Mama au baba apikaye, wakati nyama au samaki angali akisafishwa, na achukue vipande vile ambavyo kwa kawaida hutupwa au hupewa paka mwishoni, yaani kipande cha moyo, utumbo uliosafishwa vizuri, au nyama iliyokwangurwa kichwani mwa samaki, avichemshe kando kwa maji matupu: bila chumvi, bila kitunguu, bila mafuta, bila viungo. Kisha ampe pamoja na supu yake ikiisha kupoa, kwa kuwa sehemu ya taurini huyeyukia katika maji hayo. Gharama yake ni kikombe cha maji na dakika chache za moto.

Dagaa wa maziwa waliokaushwa juani bila chumvi, wakioshwa mchanga na kuchemshwa, wanamfaa pia, hasa kwa kuwa huliwa na vijifupa vyao laini vyenye chokaa ambayo nyama tupu haina. Lakini wawe wakavu vizuri, wasiwe wamechacha, na siku nyingine apewe kitu kingine. Ini ni jema kwa kiasi kidogo, si kila siku, kwani vitamini A ikizidi humkakamaza mifupa ya shingo. Ugali au wali kidogo uliochanganywa na samaki haumdhuru, lakini usiwe ndio chakula chenyewe. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wazima. Kinywaji chake ni maji.

Na maji hayo yawepo kila siku, safi, katika bakuli lake, mahali pa kivuli. Hakuna msaada mdogo kuliko huo wenye faida kubwa kama hiyo. Katika maduka na maghala ambako paka ni wa wote, yafaa mtu mmoja apewe jukumu hilo kwa zamu, kwa maana kazi ya wote isipogawanywa huwa haina mwenyewe.

Wako wanaoogopa kwamba paka akilishwa ataacha kuwinda. Hofu hiyo haina msingi. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, kwa sababu kuwinda kumo katika damu yake. Anayeshindwa kuwinda ni yule mgonjwa, na yule aliyenenepeshwa kwa mafuta hata hawezi kuruka.

Ikiwa paka amekula mchuzi wenye kitunguu, au kitu chenye chumvi nyingi, awekewe maji na apelekwe upesi kwa bwana mifugo au daktari wa mifugo aliye karibu, hata kama bado aonekana mzima. Asinyweshwe maji ya chumvi ili atapike, kwani hiyo ni kuongeza sumu juu ya sumu. Wala asipewe vidonge vya maumivu vya binadamu: paracetamol, ambayo kwetu ni dawa ya kawaida, kwa paka ni sumu ya kuua. Na paka dume anayechuchumaa akijikamua bila kutoa mkojo asingojewe hadi kesho.

Wazee walisema kwamba paka wa nyumba haingwa. Maana yake si kwamba aachwe tu akae. Aliye wa nyumba ana haki ya nyumba, na haki ya paka si kubwa: kipande kisichotiwa chumvi, na bakuli la maji. Shirika la Afya Duniani hutushauri sisi watu wazima tusizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na wengi wetu twapita kipimo hicho bila kujua. Basi yule atakayeanza leo kutenga fungu la paka kabla ya kushika kopo la chumvi, huenda mkono wake ukajifunza kuwa mwepesi hata katika sufuria ya watoto wake.